Ukakasi

Mwanzoni mwa Kami no Shizuku, katuni ya Kijapani inayojulikana kwa Kiingereza kama The Drops of God, kijana aitwaye Shizuku Kanzaki anashika chupa ya mvinyo ghali wa Burgundy ndani ya mgahawa mmoja wa Tokyo na kuimimina kwenye chombo cha kioo kutoka juu, uzi mwembamba mwekundu usiokatika. Wateja wanashangaa. Mwanafunzi wa kazi ya kuhudumia mvinyo, Miyabi Shinohara, anabaki kinywa wazi. Kijana huyo ni mtoto wa mhakiki mkubwa wa mvinyo lakini mwenyewe hajawahi kuunywa. Ameajiriwa na kampuni ya bia. Niliposoma hapo nilicheka kidogo, kwa kuwa kila mama wa Tarime anayepoza uji wa mtoto humimina hivyo hivyo, kikombe kwa kikombe, na hakuna mteja anayepiga makofi.

Katuni hii iliandikwa na Tadashi Agi, jina la kalamu la dada na kaka, Yuko na Shin Kibayashi, na kuchorwa na Shu Okimoto. Ilitoka katika jarida la Morning kuanzia 2004 hadi 2014. Mwaka 2023 Apple TV+ ikaigeuza kuwa tamthilia ya Kifaransa, Kijapani na Kiingereza, na mwaka uliofuata tamthilia hiyo ikashinda tuzo ya International Emmy. Kisa ni kilekile kwa kiasi: mhakiki anakufa, anaacha ghala la chupa lenye thamani ya kutisha, na warithi wawili wanashindana kwa kuonja. Atakayetambua kilichomo kwenye glasi atachukua vyote.

Nimezisoma na kuzitazama zote mbili nikiwa Tarime, mji ambao mvinyo wengi wetu tuliujua kwanza kwa jina la divai, mkononi mwa padri. Hoja yangu ni kwamba katuni ni kazi bora kuliko tamthilia, na sababu yake iko kwenye maneno.

Mvinyo una lugha yake, na lugha hiyo si ya kila mtu. Mwaka 1984 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, Ann Noble, alichapisha gurudumu la harufu: duara lililogawanywa vipande, kila kipande kikitaja kitu ambacho mwonjaji anaweza kukikuta puani. Stroberi, pilipili hoho, blackcurrant, karatasi ngumu iliyolowa. Nia ilikuwa njema, kuwaondoa watu kwenye maneno ya majivuno na kuwarudisha kwenye vitu vinavyonusika. Lakini vitu vinavyonusika wapi? Wengi wetu huku tunaijua blackcurrant kupitia Ribena. Ukiniambia mvinyo unanukia tunda ambalo nimelijua kwenye chupa ya juisi, umenieleza chupa kwa chupa.

Na hata wenye lugha yao hudanganyika nayo. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Bordeaux. Wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yaliwapa msamiati, pua ikafuata nyuma.

Kinachonivutia kwenye katuni ya akina Kibayashi ni kwamba hawakukubali kukaa darasani milele. Shizuku anapokunywa Château Mont-Pérat ya 2001, Bordeaux ya bei ya kawaida, hataji mwaloni wala zambarau. Anasikia bendi ya Queen jukwaani, gitaa na sauti ya Freddie Mercury. Okimoto anachora jukwaa lenyewe, kurasa kadhaa. Msomaji anaweza kusema huu ni uchawi wa bei rahisi, na sehemu nyingine kweli unazidi. Baada ya juzuu chache kila glasi ina shamba lake la maua na machozi yake. Lakini jambo lililofanyika ni kubwa. Wajapani walijifunza mvinyo kwa bidii ya mwanafunzi, hata Shinya Tasaki akawa bingwa wa dunia wa wahudumu wa mvinyo mwaka 1995, katika mashindano yaliyofanyika Tokyo kwao. Kisha akatokea mwandishi wa katuni akasema: sasa tueleze kwa kumbukumbu zetu wenyewe, hata kama kumbukumbu hizo ni za bendi ya Kiingereza iliyopigwa kwenye redio za Tokyo.

Hilo ndilo lililonifanya nitake kujaribu. Rafiki yangu ni mhudumu katika kambi moja ya watalii upande wa wilaya ya Serengeti. Kazi yake jioni ni kuwaongoza wageni kuonja mvinyo wa Afrika Kusini jua likizama. Alipokuja likizo nikamwomba atuongoze na sisi, si kwenye nyasi mbele ya nyumbu, bali kwenye baa moja karibu na stendi, Jumamosi usiku, kama vile vibaa vya Tokyo vyenye viti vichache ambamo watu wa katuni hukutana baada ya kazi. Tulikuwa watano. Tulikuwa na chupa mbili za Dodoma, moja kavu na moja tamu, glasi za bia zilizosuguliwa vizuri, na spika iliyokuwa nje ya uwezo wetu.

Dodoma kwanza inastahili neno. Mizabibu ilipelekwa pale na wamisionari wa Kikatoliki miaka ya 1950, na ardhi ile kame ikaipokea vizuri kiasi kwamba inavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Bordeaux haliwezi. Mvinyo wake mwekundu mkavu, unaotokana na zabibu za Makutupora, una ukali wa jua. Hauombi radhi. Watu wanaoulinganisha na wa Ufaransa wanapoteza muda wao na wako pia.

Rafiki yetu akasimama. Akatuonyesha kushika glasi chini ili joto la kiganja lisiguse kinywaji, akaizungusha, akanusa, na akaanza kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa, kile cha kambini: rangi, harufu, mwili, mwisho. Mmoja wetu akamkatisha, "Kaka, hapa hakuna mgeni. Sema kwa Kiswahili."

Akakwama. Si kwa aibu. Kwa kukosa njia. Anaongea Kiswahili na Kikuria kila siku ya maisha yake, lakini kazi hii alifundishwa kwa Kiingereza na haijawahi kuvuka. Akasema, "Mnasikia ile… ile tanini? Ile inayokausha ulimi?"

Mama mwenye baa alikuwa amesimama nyuma yake akingoja kuona kama tutanunua kitu cha maana. Akachukua glasi yangu bila kuuliza, akaonja, akaitafuna hewani kama mtu anayejaribu chumvi ya mboga. "Mwanangu," akamwambia, "huo ni ukakasi. Kama umeng'ata ndizi mbichi."

Ukakasi. Neno limo kwenye kamusi zetu zote na halijawahi kuandikwa kwenye lebo ya chupa niliyoiona. Tukaanza kuyakusanya mezani. Uchachu, tofauti na ugwadu, ambao ni uchachu wa ukwaju au embe changa, wa kufinya mashavu. Chapwa, kwa chakula kisicho na munyu, na dufu, kwa kisicho na ladha hata ukikitia chumvi. Kukolea. Ule wa pili, mtamu, mtu mmoja akausema kuwa umekolea hadi umechoka, na nikaona hiyo ni hukumu kamili ya mvinyo mtamu wa bei nafuu kuliko nyingi nilizosoma kwa Kiingereza.

Mwenzetu mmoja ni Msabato, kama walivyo wengi mkoani Mara, na hanywi kileo. Aliomba anuse tu. Ndiye aliyekuwa na pua kuliko sote. Kwenye ule mkavu alisema kuna udongo wa kichuguu mvua ya kwanza ikidondoka. Kwenye ule mtamu, zabibu kavu zilizosahaulika chini ya sufuria ya pilau. Kwa bahati nzuri tamthilia inamjua mtu huyu. Camille, binti Mfaransa aliyewekwa mahali pa Shizuku, naye hanywi pombe. Mwili wake unaikataa, pua inatoka damu. Baba yake alimfundisha akiwa mtoto, macho yamefungwa, kutambua vitu kwa harufu na ladha peke yake, na mafunzo hayo yalimwachia kipaji pamoja na jeraha. Fleur Geffrier anaigiza sehemu hizo vizuri sana. Unaona mtu akinusa na kumbukumbu ikimpiga kabla hajawa tayari.

Lakini hapo ndipo ugomvi wangu na tamthilia unapoanza. (Asiyetazama na anayechukia kuharibiwa utamu aruke aya hii.) Mshindani wake, Issei, anayeigizwa na Tomohisa Yamashita, ni mwanafunzi wa marehemu, kijana aliyejifunza kwa jasho dhidi ya matakwa ya familia tajiri. Kwa vipindi kadhaa tunapata mchuano mzuri: damu upande huu, kazi upande ule. Kisha inafichuliwa kwamba Issei naye ni mtoto wa marehemu. Basi. Jasho lote linageuzwa kuwa urithi. Ulimi, inatuambia tamthilia, huzaliwa nao. Ni tamthilia nzuri kwa sura, yenye ukimya unaojua kazi yake, na inamalizia kwa wazo dogo kuliko vyote ilivyokuwa navyo.

Mama mwenye baa hakuzaliwa na ulimi. Tulipoagiza jagi la pombe ya ulezi, mwongozaji wetu akakaa chini, maana hapo hakuwa na maneno ya kambini. Yeye akaonja na kusema unga ulikaangwa na mtu mwenye haraka. Kwa asiyejua: unga uliochachushwa hukaangwa juu ya bati hadi uwe wa kahawia, ndipo unachanganywa na maji na kimea cha ulezi. Moto ukiwa mkubwa, nje huungua na ndani hubaki mbichi, na ladha hiyo haifichiki. "Hii hajapika mama," alisema. "Kapika binti yake." Akamtuma kijana kuuliza. Ilikuwa kweli. Kwenye tamthilia jibu kama hilo linakupa ghala la chupa Tokyo. Hapa lilitupatia jagi jingine.

Miaka mingi ya kupika na kuuza imekaa kwenye kinywa chake. Na desturi ya kwamba aliyepika huonja kwanza mbele ya wageni, kabla ya wazee kuinama kwenye chungu kimoja na mirija yao mirefu, ilikuwa ni kuonja kwa kuongozwa muda mrefu kabla ya mtu kuleta glasi yenye mguu.

Nisingeandika haya yote kama jambo lingeishia kwenye kujifurahisha. Tarime ina uonjaji mwingine, nao hauna utani. Vilima vyetu vinatoa kahawa ya arabika. Kahawa hiyo huchambuliwa kwa ukubwa wa punje, na sampuli yake huonjwa na wataalamu ambao huivuta kwa kijiko kwa mlio mkali, huizungusha mdomoni, huitema, na kuiandikia daraja. Kwa miongo mingi kazi hiyo na mnada wake vilikuwa Moshi, upande wa pili wa Serengeti. Daraja likirudi, linarudi likiwa bei. Mkulima anaona bei; maneno yaliyoizaa haoni. Wengi wao nyumbani hunywa chai. Nimekulia katikati ya mikahawa na sijawahi kumsikia mkulima mmoja akieleza kahawa yake ina ladha gani, ingawa anaweza kukueleza maziwa ya ng'ombe wake yalikula nini jana.

Wanaodhani maneno ya kuonja ni mapambo wakumbuke Paris, Mei 1976. Steven Spurrier, mfanyabiashara Mwingereza, aliwakusanya waamuzi Wafaransa akawaonjesha mvinyo wa kwao na wa California bila lebo. Waliochaguliwa juu, mweupe na mwekundu, wote wakatoka California. Mezani kulikuwa na glasi na alama tu, na mabonde ya Napa hayakurudi kuwa yalivyokuwa. Hata katuni ya akina Kibayashi iliwahi kufanya hivyo bila kukusudia: mvinyo uliotajwa kurasani ulitafutwa madukani Asia.

Usiku ule, kabla hatujafunga, yule Msabato alichemsha kahawa ya kwao, iliyokaangwa kwenye sufuria na kutwangwa. Tulianza tena kutoka mwanzo: rangi, harufu, mwili, mwisho, safari hii kwa Kiswahili. Mwongozaji aliandika kwenye simu. Ugwadu mdogo, wa chungwa. Ukakasi unaokuja na kuondoka. Mwishoni kitu ambacho tulibishania kwa nusu saa, mmoja akisema ni miwa, mwingine asali ya nyuki wadogo, mama mwenye baa akisema hapana, ni muhogo uliochomwa kwenye majivu.

Rafiki yetu alirudi kazini Jumatatu na nusu kilo ya kahawa hiyo kwenye mfuko wa kaki. Anataka kuwapa wageni asubuhi na kuwaeleza mwenyewe, kwa maneno yale, akiyatafsiri yeye. Bosi wake alisema wataliangalia suala hilo msimu ukiisha.