Gari la Wazi na Mafundi Wake

Anayetaka gari la zamani la paa la kukunja, tena la kwendea kazini na sokoni kila siku, aanze kwa kupiga magoti. Rangi inayong'aa na viti vya ngozi ataviangalia baadaye. Kwanza apige magoti kando ya mlango, apitishe kiganja chini ya bodi kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma, kisha aombe jeki. Ninaandika nikiwa na gari moja akilini: MGB, lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hadi kiwanda kilipofungwa Oktoba 1980. Yalitoka zaidi ya nusu milioni, ukihesabu na yale ya paa la chuma, na ndiyo sababu karibu kila kipuri chake bado kinatengenezwa. Kwa mtu anayetaka kuendesha kila siku, sijui gari la wazi la rika hilo linalofaa kuliko MGB.

Sasa kwa nini magoti? Syd Enever na wahandisi wenzake waliamua kwamba bodi yenyewe ibebe mzigo wote, bila chasisi ya kando. Katika gari lililofunikwa, paa na nguzo za vioo husaidia kazi hiyo. Ukiliondoa paa, mzigo unashuka chini ya milango. Huko ipo mihimili miwili, mmoja kila upande, na kila mmoja umeundwa kwa mabamba kadhaa yaliyochomelewa pamoja. Huo ndio mkuku wa chombo hiki. Mihimili ikiliwa na kutu, gari huanza kulegea katikati, polepole, na mwenyewe asijue. Jeki ndiyo itakayosema kweli. Inua gari huku ukitazama nafasi iliyo kati ya mlango na bodi. Nafasi ikibana, au mlango uliokuwa ukifunguka vizuri ukagoma, mihimili imekwisha, hata kama rangi ilipulizwa wiki iliyopita.

Kutu hiyo ina chanzo kinachojulikana. Wakati wa baridi, barabara za Uingereza humwagiwa chumvi ya mawe ili barafu isigande, nyingi ikichimbwa chini ya ardhi huko Winsford, Cheshire. Matope yenye chumvi hurushwa na magurudumu, yakajificha nyuma ya madigadi, yakashikilia unyevu mwezi hadi mwezi. Aliyekaa Mombasa, Tanga au Unguja hahitaji kuambiwa chumvi hufanya nini kwa bati.

Hapa ndipo ninapotaka kumsifu fundi ambaye wapita njia hawatamsifu kamwe. Wapo wanaochomelea bamba jipya juu ya lililooza, wakalainisha kwa puti, wakapaka rangi, wakauza. Fundi wa kweli hukata hadi afike kwenye chuma kizima. Lakini kabla hajakata, hufunga paipu ya chuma katika uwazi wa mlango, kutoka upande wa bawaba hadi upande wa kitasa, ili bodi isijikunje pale mhimili utakapoondolewa. Asipofanya hivyo atachomelea mhimili mpya juu ya gari lililokwisha kupinda, na upinde huo utabaki humo daima. Miisho ya mihimili imefunikwa na madigadi, kwa hiyo sehemu za chini za madigadi nazo hukatwa, hata zikiwa nzima kwa kutazama. Mabamba mapya hushikizwa kwanza kwa vibanio. Mlango hurudishwa, hufungwa na kufunguliwa, hutazamwa juu na chini, huondolewa tena. Kisha anachomelea alama moja hapa, moja kule, akiacha chuma kipoe, maana joto likizidi mahali pamoja bamba hukunjamana. Mwisho hupuliza nta ndani ya mhimili, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Kazi ikikamilika, yote imefichwa. Kinachobaki cha kuonyesha ni mlango unaofunga kwa kidole kimoja.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutengeneza bodi nzima mpya za MGB kwa kutumia vifaa vya kiwanda vya asili, miaka minane baada ya kiwanda kufungwa. Ninaliona jambo hilo kuwa la heshima kubwa: watu walikataa kuacha ujuzi upotee kwa sababu tu biashara ilikufa.

Ukishakuwa na uhakika wa chuma, fungua boneti. Injini ya MGB, ya cc 1798, kwa miaka mingi ilikuja na kabureta mbili za SU. Herufi hizo zinatokana na Skinner, jina la ukoo uliofanya biashara ya viatu London. George Herbert Skinner aliomba hataza ya kabureta yake mwaka 1905, na zile za mwanzo zilikuwa na mfuko wa ngozi uliotanuka na kusinyaa kwa mvuto wa hewa. Hunifurahisha sana kwamba mtoto wa wafanyabiashara wa viatu, alipotaka kupima pumzi ya injini, mkono wake ulikwenda kwanza kwenye ngozi. Baadaye ngozi iliiachia nafasi pistoni ya chuma. Pistoni hiyo hubeba sindano iliyochongoka. Injini inapovuta hewa zaidi, pistoni hupanda, sindano hupanda nayo na kupanua tundu la petroli, na petroli huongezeka kwa kiasi kinacholingana na hewa.

Kuzisawazisha mbili hizo ni kazi ya sikio. Fundi huchukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mluzi wa hewa. Huhamia kabureta ya pili, hugusa skrubu, hurudi ya kwanza, mpaka miluzi ilingane. Kisha huinua pistoni moja kidogo sana, chini ya milimita moja. Injini ikiongeza mwendo na kubaki huko, petroli imezidi. Ikilegea na kutaka kuzima, imepungua. Ikipanda kidogo ikarudi palepale, ameipata. Plagi zitathibitisha baada ya safari: zikitoka na rangi ya kahawia isiyokolea, kazi imekwisha. Nimewaona vijana waliozoea kuchomeka kompyuta kwenye gari wakijifunza hili, na ninaamini ni elimu bora. Mwanafunzi hulazimika kuielewa injini kabla hajaigusa.

Petroli yenyewe haiko tena kama ilivyokuwa. Yenye risasi ilipigwa marufuku Uingereza mwaka 2000, kwa hiyo gari la kila siku linahitaji silinda hedi iliyowekewa viti vigumu vya valvu. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko huweza kuwa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hula mipira ya zamani. Mipira yote ya mafuta ibadilishwe, basi, kabla ya jambo lingine lolote la injini.

Paa nalo lina mafundi wake. Turubai nzuri ni tabaka mbili za kitambaa zenye mpira katikati. Vinili ni rahisi kwa bei, ila ikikunjwa kwenye baridi kali hupasuka. Paa lolote likikunjwa likiwa bichi huota ukungu. Fundi wa paa hupima juu ya gari lenyewe, kwa sababu magari mawili yaliyotoka kiwanda kimoja huwa yametofautiana baada ya miaka hamsini.

Wengi hununua gari la namna hii wakalifunika shuka, wakalitoa Jumapili zenye jua. Mimi nasema liendeshwe. Gari lililosimama huharibika kwa njia zake: pistoni za breki hukwama, mipira hukauka, petroli hugeuka gundi ndani ya kabureta, mafuta ya breki hunyonya unyevu. Muhimu safari iwe ndefu kiasi cha kuipasha injini moto sawasawa, la sivyo maji hubaki ndani ya eksozi na kuitoboa. Gari hili liliundwa lihimili shida. Mwaka 1963 MGB la Paddy Hopkirk na Alan Hutcheson lilikwama mchangani katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Hutcheson akalichimbua kwa zaidi ya saa nzima, na bado lilimaliza katika nafasi ya 12.

Kila siku humaanisha pia wajibu wa kila siku. Sehemu za usukani zenye tundu za grisi zipewe grisi takriban kila kilomita 5,000. Tangu Mei 2018 sheria ya Uingereza haidai ukaguzi wa mwaka kwa magari yaliyopita miaka 40 ambayo hayajabadilishwa sana. Ningelipeleka hata hivyo, kila mwaka, maana jicho la mkaguzi asiyelipenda gari lako huona usichotaka kuona. Na anayebeba watoto wadogo atafute gari lingine: hakuna mifuko ya hewa, na breki huhitaji nafasi kubwa zaidi kuliko magari ya leo yaliyo mbele yako.

Jambo moja huwashangaza wanunuzi. Katika MGB za mwanzo hita iliuzwa kama nyongeza, na wapo waliokataa kuilipia. Kwa asubuhi kavu ya Januari, paa likiwa limekunjwa na vioo vya milango vimepandishwa, hita nzuri hupasha miguu na mapaja vya kutosha mtu kuendesha kwa raha hadi kazini. Iwashe uijaribu ungali kwa muuzaji, na kama haipo, ipunguze kwenye bei mnayopatana.