Sapphire: Kutoka Ushairi wa Jukwaani hadi Riwaya ya Wanyonge

Fasihi haielei hewani. Huzaliwa na jamii, na katika jamii iliyogawanyika kitabaka kila mwandishi, apende asipende, husimama upande mmoja. Kwa hiyo tunapoichambua kazi ya msanii yeyote, swali la msingi si kama anajua kupanga maneno, bali ni hili: anasema kwa niaba ya nani, na maneno yake yanamsaidia nani kuielewa hali yake ili aibadili? Makala hii inalielekeza swali hilo kwa Sapphire, mwandishi Mmarekani Mweusi ambaye jina lake la kuzaliwa ni Ramona Lofton. Alizaliwa California mwaka 1950, akajulikana kwanza kama mshairi wa jukwaani mjini New York, kisha akawa mwandishi wa riwaya.

Jukwaa na mipaka yake

Mjini New York ushairi wa kutamkwa ulikuwa na maskani yake katika Nuyorican Poets Cafe, ukumbi ulioanzishwa miaka ya 1970 na washairi wenye asili ya Puerto Rico. Ushairi wa namna hii una nguvu ambayo wanyonge hawawezi kuidharau. Hauhitaji mtaji wa mchapishaji, haumwachi nje asiyejua kusoma, na hukumu yake hutolewa papo hapo na hadhira.

Hata hivyo, jukwaa lina hatari zake. Mwaka 1989 mwanamke mmoja alishambuliwa kikatili katika bustani ya Central Park. Sapphire alitunga shairi, 'Wild Thing', kwa sauti ya kijana mshambuliaji, akitaka kuonyesha jinsi jamii katili inavyozaa watu wakatili. Jarida lililolichapisha lilikuwa limepata ruzuku ya mfuko wa taifa wa sanaa; wahafidhina wakalitumia shairi hilo kama fimbo ya kuuchapa mfuko wenyewe, na mwaka 1992 mwenyekiti wake, John Frohnmayer, akalazimika kuondoka. Hapo mshairi alionewa. Lakini kuna upande wa pili. Vijana watano, Weusi na Walatino, waliofungwa kwa kosa hilo walifutiwa hatia mwaka 2002. Shairi lilikuwa limejengwa juu ya kisa kama kilivyosimuliwa na polisi na magazeti. Mshairi wa jukwaani hujibu joto la siku, na mara nyingi kuni za joto hilo huchochewa na wenye nguvu.

Riwaya ya kisomo

Kilichomwokoa Sapphire na hatari hiyo ni kazi. Kwa miaka kadhaa alifundisha vijana na watu wazima kusoma na kuandika katika mitaa ya Harlem na Bronx, na humo ndimo ilimotoka riwaya yake ya kwanza, Push, iliyochapishwa mwaka 1996. Mhusika mkuu, Precious Jones, ana miaka 16. Hajui kusoma, amebakwa na baba yake mzazi na ana mimba yake ya pili, anateswa na mama yake, na amefukuzwa shule. Anaingia katika darasa la wasichana waliotupwa kama yeye, chini ya mwalimu aitwaye Blue Rain. Riwaya yenyewe ni maandishi yake: mwanzoni tahajia imevunjikavunjika, kisha taratibu inanyooka. Msomaji aliyewahi kukaa katika darasa la kisomo ataelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Hapa umbo la kitabu ndilo hoja yake.

Ushahidi mkubwa wa mwamko huo ni hesabu. Precious analipata faili lake la ofisi ya ustawi wa jamii, analisoma, na kugundua kwamba wakubwa wamemkadiria kuwa anafaa kazi ya kuwatunza wazee majumbani. Anapiga hesabu. Mtunzaji hulipwa dola 3.35 kwa saa, kwa saa 8 tu, ingawa analala humo humo na kutumwa usiku na mchana. Dola 26.80 zikigawanywa kwa saa 24 ni dola 1.12. Msichana aliyeambiwa kuwa hana akili ameufumbua unyonyaji kwa kugawanya tu. Na ni mwaka huo huo wa 1996 ambapo Rais Clinton alitia saini sheria ya kuwalazimisha wapokeaji wa msaada wa serikali kufanya kazi.

Mgongano

Wapo waliolaumu. Filamu ya mwaka 2009, Precious, ilipata tuzo mbili za Oscar, na mwaka 2010 mwandishi Ishmael Reed aliishutumu kwa kuwachora watu Weusi kama wanyama mbele ya watazamaji Wazungu. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni lazima tutenganishe. Katika kitabu kalamu iko mkononi mwa Precious. Katika filamu yeye ndiye anayetazamwa. Soko likishamnunua mnyonge, hupenda zaidi machozi yake kuliko hesabu zake.

Udhaifu wa riwaya yenyewe uko kwingine. Darasa ni umoja wa kweli, lakini umoja huo hauvuki mlango wa darasa. Wasichana wanaandika maisha yao. Hawajiungi na watunzaji wengine kudai ujira wa saa zote 24. Mwandishi ameonyesha mnyororo bila kuonyesha mikono itakayoukata. Pengine alilijua hilo. Katika The Kid, riwaya ya mwaka 2011, Precious amekufa kwa UKIMWI, na mwanawe Abdul anarithi mateso, naye anawatesa wengine. Ni kitabu kichungu, na kinakataa kumdanganya msomaji kwamba kusoma peke yake kunatosha.

Hitimisho

Fundisho ni wazi. Sapphire hakuwa mtetezi wa wanyonge kwa kupaza sauti jukwaani; aliukomaza utetezi wake kwa kukaa nao darasani, akasikia wanavyosema na wanavyohesabu. Msanii anayetaka kuwasemea makabwela aanze hapo. Lakini asiishie hapo: anayejifunza kusoma faili lake hana budi pia kujifunza, pamoja na wenzake, kulipinga.