Juu ya Hesabu Kubwa Sana: Ziko Kweli?

Mara kwa mara waseminari wanatuuliza kama hesabu kubwa sana, zile ambazo hakuna mutu anayeweza kuzifikia kwa kuhesabu, ziko kweli ao ni maneno tu. Swali hili si la muchezo. Fundi mukubwa wa hesabu kutoka Urusi, Aleksandr Esenin-Volpin (1924-2016), alikuwa na mashaka juu yake. Tupime mawazo yake.

Harvey Friedman, fundi wa Marekani, amesimulia namna alivyomujaribu. Alimuuliza: 2 iko? Volpin akajibu: ndiyo. Na 4? Ndiyo, lakini alikawia kidogo. Na 8? Akakawia zaidi. Friedman akafahamu: kama angeendelea kuzidisha kwa mbili mpaka mara ya 100, maisha yote yasingetosha kungojea jibu.

Mawazo haya yana nguvu yake. Anayehesabu moja kwa kila sekunde, bila kulala, atafikia milioni kwa siku 11 na nusu hivi, na miliari kwa karibu miaka 32. Lakini 2 iliyozidishwa vile mara 100 ina tarakimu 31. Sekunde zote tangu mwanzo wa ulimwengu, miaka karibu miliari 13,8, zina tarakimu 18 tu.

Hata hivyo tunajua hakika kwamba hesabu ile inaishia kwa 6, tena ukiigawanya kwa 3 inabaki 1. Kitu kisichokuwako kinabakiza namna gani? Mutu atasema: mwajua maandiko yake tu. Vema, na 1993, nani kati yetu ameihesabu moja moja? Hesabu haingojei pumzi ya mwenye kuhesabu. Mutakatifu Augustino, katika kitabu cha 12 cha Mji wa Mungu, aliwapinga wale waliofikiri kwamba Mungu mwenyewe hawezi kujua hesabu zisizo na mwisho.

Lakini hapa Kikula mashaka yametoka pahali pengine. Mwanzoni mwa 1993 wafanya biashara waliikataa noti ya zaire 5.000.000. Mwezi wa kumi mwaka ule, zaire 3.000.000 zikawa zaire mupya moja. Mwaka 1998, zaire mupya 100.000 zikawa franga moja. Ni kusema, franga moja ilichukua pahali pa zaire za zamani 300.000.000.000. Wazee walioona akiba yao ikiyeyuka wanasema: hesabu kubwa ni uongo.

Tusiwacheke. Lakini tutenge mambo mawili. Milioni haikupunguka hata kwa moja. Kilichoanguka ni ahadi ya wakubwa, walioiandika juu ya karatasi bila mali nyuma yake. Anayesema hesabu kubwa haziko anawaondolea wale mashitaka, kwa maana kama milioni tano si kitu, hakuna aliyeibiwa kitu. Mwalimu wa dini aseme wazi: hesabu iko, nayo ni ya kweli, aliyeiandika kwa uongo ndiye wa kuulizwa.