Ripoti 1,037 za Vichochoroni

Septemba 1889, Jane Addams na rafiki yake Ellen Gates Starr walihamia nyumba kuukuu katika barabara ya Halsted, Chicago, iliyokuwa ya tajiri mmoja aitwaye Hull. Mtaa ulijaa wahamiaji: Waitaliano, Wairishi, Wajerumani, Wayahudi kutoka Urusi. Wanawake hao wawili walikuwa wasomi wenye nafasi zao, lakini hawakuja na majibu ya kutosha, na hilo ndilo lililowaokoa. Walifungua mlango, wakatazama nani anaingia na ana shida gani.

Walikosea pia. Walianzisha jiko la kuuza vyakula vya bei nafuu, vilivyopikwa kitaalamu kwa kuzingatia lishe. Wanunuzi wakawa wachache. Mama mmoja akawaambia wazi kwamba chakula kina lishe, hilo habishi, ila yeye hula anachokipenda. Addams mwenyewe ndiye aliyekiandika kisa hicho kitabuni. Nimewaona viongozi wengi wa miradi. Ni wachache ambao wangekihifadhi.

Sikio hilohilo lilizaa jambo kubwa zaidi. Wasichana wa kiwanda cha viatu waligoma, wakawa wanakutana katika nyumba hiyo, iliyokuwa ikiitwa Hull-House. Ikaonekana kwamba wanaolegea mapema ni wale waliopanga vyumba, kwa hofu ya kodi. Binti mmoja akasema, laiti wangekuwa na nyumba yao ya ushirika. Hull-House ikawalipia kodi ya mwezi wa kwanza, ikawapa samani, kisha ikakaa pembeni. Wakachagua viongozi wao, bila msimamizi wa kuwachunga. Baada ya miaka mitatu walikuwa wanachama 50.

Hull-House ilikuja kuwa na majengo 13, na asasi iliyorithi jina lake ilifungwa mwaka 2012. Mimi lakini huishia kurudi kwenye kiangazi cha 1894, na kwenye takataka.

Vichochoroni kulikuwa na masanduku makubwa ya mbao ya kutupia taka, yamefungwa palepale barabarani, na watoto wakiyachezea. Wanawake 12 wa chama cha Hull-House, pamoja na wakazi wa nyumba ile, walijitolea kuvikagua vichochoro hivyo jioni tatu kwa juma. Mtu ameshinda akipiga pasi na kulea, joto halivumiliki, kisha anatoka kwenda kuinama juu ya uvundo na kugombana na jirani kwa sababu ya sanduku lake. Baadhi walichoka wakaacha. Waliobaki, kwa miezi miwili tu, Agosti na Septemba, walisaidia kupeleka Idara ya Afya ripoti 1,037 zenye ushahidi.

Aliyewahi kupeleka lalamiko moja ofisi ya kata anajua namba hiyo ina uzito gani. Ofisi humsikiliza mwenye hasira, ikampa pole, ikamsahau. Ripoti iliyotaja kichochoro na kosa lenyewe haipewi pole, inadai jibu. Wakaguzi watatu wa jiji walihamishwa kutoka kata ile, mmoja baada ya mwingine.

Taka zikabaki. Mwaka 1895 Addams akaomba zabuni ya kuzizoa yeye mwenyewe. Zabuni ikatupwa kwa kasoro ya kitaratibu, lakini meya akamteua kuwa mkaguzi wa taka wa kata. Basi akawa anaamka saa kumi na mbili asubuhi kuhakikisha wazoaji wameanza kazi, kisha anayafuata magari ya farasi hadi jalalani. Mkandarasi alikuwa na magari 9. Akashurutishwa yawe 13, halafu 17.

Katika kijia kimoja chembamba, walipochimba taka inchi 18, walikuta sakafu ya barabara. Baadaye ikaonekana kwamba kumbukumbu za jiji zilikuwa na habari zake. Waitaliano wa pale hawakushangaa sana. Addams aliona labda kwao walizoea kuona miji iliyofukiwa ikifukuliwa. Alikuwa ameshaondoa inchi 8 za juu, akasema zilizobaki ni kazi ya kamishna wa barabara. Kamishna akakataa. Addams akampakia meya kwenye kigari chake, ambacho watoto wa mtaa walikuwa wamekwisha kukibandika jina la taka, akampeleka hadi mdomoni mwa kijia kile. Meya akatazama, akachukua upande wake.