Lugha kama Mlango: Uhakiki wa Dhana ya Ujumuishi katika Elimu ya Juu ya Burundi kwa Mtazamo wa Rumonge na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri
Makala haya yanahakiki dhana za uanuwai, usawa na ujumuishi kama zinavyojitokeza katika Mkataba wa Amani wa Arusha wa mwaka 2000 na katika sheria zilizofuata nchini Burundi. Yanadai kwamba nyaraka hizo zinahesabu kabila na jinsia, lakini zinaifanya lugha, ambayo ndiyo mlango wa elimu ya juu, kuwa mzigo wa anayeingia peke yake. Mfano unaotumika ni Rumonge na mwambao wake.

1. Usuli
Rumonge ni mji wa wavuvi wa dagaa na mukeke, wakulima wa michikichi na wafanyabiashara. Kirundi ndicho lugha ya wengi, lakini Kiswahili kimekaa mwambaoni tangu misafara ya karne ya 19 iliyouunganisha mwambao huo na Ujiji. Wajerumani walikitumia katika utawala wao. Chini ya Wabelgiji, shule zilijengwa juu ya Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili kikabaki lugha ya soko na ya mitaa ya Waislamu. Jina la Mswahili lenyewe likapata, katika mazungumzo ya kila siku, maana ya mtu mjanja asiyeaminika.

Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge, Nyanza-Lac na maeneo jirani, na Watutsi wengi wakauawa. Ukandamizaji wa serikali uliofuata ulienea nchi nzima na kuwalenga hasa Wahutu wasomi, wakiwemo walimu na wanafunzi wa chuo kikuu. Maelfu ya familia zilikimbilia Tanzania na kupewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko watoto walisoma kwa mtaala wa Tanzania: Kiswahili katika shule ya msingi, Kiingereza katika sekondari. Familia zilizorejea mwambaoni miongo kadhaa baadaye zilikuta mashamba yao yana wakaaji wengine, na watoto wao wakakuta masomo yanafundishwa kwa Kifaransa.

2. Kinachohesabiwa na kisichohesabiwa
Mkataba wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, unalitambua suala la elimu waziwazi. Itifaki ya Kwanza inadai mgawanyo wa haki wa shule baina ya mikoa na uadilifu katika mitihani. Katiba ya mwaka 2005, na ile ya 2018, ziliigeuza roho hiyo kuwa hesabu: katika Bunge la Taifa, Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40, wanawake wasiopungua asilimia 30, na Watwa viti vitatu. Hesabu hizi zina thamani kubwa katika nchi ambamo elimu yenyewe iliwahi kuwa sababu ya mtu kuuawa. Hata hivyo, zinatazama nani ameketi ndani. Hazitazami mlango aliopitia.

Upungufu huo unaonekana zaidi katika Itifaki ya Nne, inayohusu wakimbizi. Inaagiza wanaorejea wapewe mafunzo maalumu ya lugha na wasaidiwe kupata ulinganifu wa vyeti vya nje. Agizo hilo ni jema, lakini msingi wake unastahili kuhojiwa. Lugha ya anayerejea imewekwa katika fungu la matatizo ya kupunguzwa; haikuwekwa katika fungu la ujuzi alioleta. Mwanafunzi ndiye anayetakiwa kubadilika, ilhali chuo kinabaki kama kilivyokuwa.

Sera za baadaye zimeongeza ukinzani. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikaingizwa katika shule za msingi. Mwaka 2014 sheria ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi kando ya Kirundi na Kifaransa; Kiswahili hakikupewa hadhi hiyo. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Hivyo taifa linafundisha watoto Kiswahili, huku kijana aliyerejea Rumonge akikimiliki kikamilifu anahesabiwa kuwa na pengo.

3. Hoja pinzani
Huenda ikasemwa kwamba Kirundi tayari kinawaunganisha Warundi wote, na kwamba kukipa Kiswahili nafasi kutazalisha upendeleo mpya. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mihadhara ingetolewa kwa Kirundi. Mtoto wa milima ya Burambi asiyejua Kiswahili naye hukumbana na Kifaransa kama lugha ya kigeni. Kwa sababu hiyo, madai ya makala haya si madai ya Waswahili dhidi ya wengine. Swali ni nani anabeba gharama ya lugha: mwanafunzi au taasisi.

4. Hitimisho na mapendekezo
Chuo kinachotaka kuwa jumuishi hakina budi kugawana gharama hiyo na wanafunzi wake. Kwanza, kumbukumbu za udahili zioneshe lugha ambayo mwombaji alisomea, sambamba na jinsia na mahali atokako. Bila hivyo, kutengwa kwa misingi ya lugha hakutaonekana katika takwimu yoyote. Pili, mafunzo ya Kifaransa kwa waliosomea nje yagharimiwe na chuo na yahesabiwe katika alama za shahada, yasiwe mwaka uliopotea. Tatu, maarifa ya somo yapimwe mbali na ufasaha wa Kifaransa, kwa kuruhusu mitihani ya kujiunga ifanywe pia kwa Kiswahili au Kiingereza. Nne, vijana wa mwambao wenye Kiswahili fasaha wapewe kipaumbele katika mafunzo ya ualimu wa lugha hiyo. Pendekezo la mwisho halihitaji sheria mpya, na linaweza kuanza katika mwaka wowote wa udahili.