Kishikwambi hakimjibu mtoto anayejifunza kusema

KATIKA miji ya Lodwar na Kakuma, kama ilivyo Nairobi au Mombasa, simu ya mzazi imegeuka yaya. Mtoto hajatimiza hata miaka miwili, tayari ameshikishwa kishikwambi chenye mchezo wa herufi. Akigusa, herufi inaruka, sauti inatamka, nyota zinametameta. Mzazi naye anajipiga kifua: “Huyu wangu anajua ABC na hata hajaanza chekechea!”

Sina ugomvi na furaha hiyo. Ninachotilia shaka ni neno ‘elimu’ linalobandikwa kwenye michezo hii. Hebu tuichambue kama tunavyochambua matini nyingine yoyote: inasema nini, kwa lugha gani, na inamtaka mtoto afanye nini?

Tuanze na hilo la mwisho. Mchezo unamtaka mtoto anyooshe kidole, basi. Akisema “mbuzi”, “buzi” au akinyamaza kabisa, zawadi ni ile ile. Ilhali upataji wa lugha hutegemea sana kupokezana zamu: mtoto anabwabwaja, mama anaitikia, mtoto anajaribu tena. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Kimarekani wa miezi tisa walioingizwa katika Kichina cha Mandarin. Waliochezeshwa na kuzungumziwa na mtu waliyekaa naye walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Wale waliopewa msemaji yule yule kupitia video au kanda ya sauti hawakuambua kitu. Maneno yalikuwa yale yale. Kilichokosekana ni mtu.

Wazee wetu walilijua hili bila maabara. Mtegaji akisema “Kitendawili!” hawezi kuendelea mpaka aambiwe “Tega!” Mchezo wenyewe umejengwa juu ya kujibiwa.

Ndiyo maana siushangai mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja haifai, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Sasa tutazame lugha. Mingi ya michezo hii imeundwa kwa Kiingereza, kisha maneno yakapachikwa Kiswahili. Kiingereza hutanguliza idadi, na idadi yenyewe haibadiliki. Kiswahili huanza na nomino, kisha idadi huifuata ikiwa imevaa kiambishi cha ngeli: mbuzi watatu, miti mitatu, vikombe vitatu. Programu inayorekodi ‘tatu’ mara moja na kuibandika kando ya kila picha itamfundisha mtoto ‘mbuzi tatu’ na ‘miti tatu’. Mtasema hayo yanasikika mitaani kila siku. Ni kweli, lakini mtaani hakuna anayejiita mwalimu. Upatanisho wa kisarufi ndio uti wa mgongo wa lugha hii, nao haupatikani kwa kuunganisha vipande vya sauti.

Kiturkana nacho hakimo kabisa. Katika lugha hiyo, sita huelezwa kama ‘tano na moja’. Hesabu inafuata mkono na vidole. Nyanya anayehesabu na mjukuu wake kwenye vidole anamfundisha nambari na kujumlisha kwa pamoja. Aidha, wafugaji wa Kiturkana wana msamiati mpana wa rangi na mabaka ya mifugo, na kwa msamiati huo mnyama mmoja hutambulika kati ya wengi. Mtoto anayekulia humo anapoketishwa mbele ya mchezo wenye rangi sita za Kiingereza na tufaha lililowakilisha herufi A, tunasema ameelimika. Mimi naona amepunguziwa.

Je, tuvitupe vishikwambi? La hasha. Ushahidi mzuri kuhusu manufaa yake uko hapa jirani. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili zilijaribiwa katika vijiji takriban 170 vya Tanga, Tanzania, na mwaka 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana zawadi ya dola milioni 10. Watoto wa vijijini walijifunza. Lakini tusome matokeo hayo kwa makini. Walikuwa watoto wa umri wa kwenda shule ya msingi, waliokuwa tayari na lugha vinywani. Programu iliwafundisha kuandika walichokwisha kujua kusema. Anayetumia ushindi wa Tanga kumuuzia mama mchezo wa mtoto wa miezi kumi anachanganya mambo mawili.

Kambi ya Kakuma, iliyopo tangu 1992, inaweka suala hili wazi zaidi. Mtoto huzaliwa humo akisikia Kidinka, Kinuer, Kisomali, Kirundi au Kiswahili cha Kongo. Lugha ya mama ni miongoni mwa mali chache ambazo familia ilivuka nazo mpaka. Mama huyo ana foleni ya maji na ya chakula. Simu inampa dakika kumi za kupumua, na sitamlaumu. Ila asiambiwe kwamba dakika hizo ni darasa. Darasa ni pale anapompakata mwanawe na kumweleza anachopika, kwa lugha yake, hata kama majirani hawaielewi.

Sera yetu inapendekeza lugha ya eneo itumiwe kufundishia katika madarasa ya chini. Basi kaunti na mashirika yanayogawa vifaa yaulize maswali matatu kabla ya kununua. Je, mchezo unaongea lugha ambayo mtoto anaongeleshwa nyumbani? Je, umekaguliwa na mtu anayeijua sarufi ya lugha hiyo? Je, unahitaji watu wawili kuucheza? Kwamba kazi nzuri inawezekana kwetu imeonyeshwa na Ubongo ya Dar es Salaam, ambayo katuni yake ya Akili and Me iliundwa kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita, Kiswahili kikiwemo.

Kwa aliye chini ya umri huo, fedha za bando zinunue kitabu cha picha, au zibaki mfukoni. Vijiwe vya kuigiza zizi la mbuzi vimejaa tele Lodwar. Mtoto akikuonyesha kimoja na kukiita “buzi”, mwitikie: “Ndiyo, mbuzi. Mbuzi wako wangapi?” Kisha subiri akujibu.