"Hewa Chafu" Haitoshi: Uhakiki wa Istilahi za Umeme wa Gesi

Katika tafsiri zihusuyo umeme wa gesi asilia tumekutana mara kwa mara na istilahi tatu: hewa chafu, hewa ukaa na mtambo wa kilele. Tunakusudia kuzipima kwa kigezo kimoja: je, mwalimu wa Chiungutwa, wilayani Masasi, akizisoma mbele ya wanakijiji, wataelewa jambo lilelile alilokusudia mhandisi?

Swali hili lina uzito. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, huendesha mitambo ya umeme mjini Mtwara, na wakazi wa mkoa huo wana haki ya kujua kinachotoka katika dohani zake.

Tuanze na hewa chafu. Istilahi hii imebebeshwa vitu visivyolingana. Gesi asilia, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani, ikiungua hutoa mvuke wa maji na kaboni dioksidi. Kaboni dioksidi haina rangi wala harufu. Ikishasambaa hewani haimdhuru jirani wa mtambo, bali huongeza joto la dunia. Zinazodhuru mapafu ni oksidi za naitrojeni, zitokeazo joto kali linapounganisha naitrojeni na oksijeni ya hewani. Methani inayovuja kabla ya kuungua nayo huongeza joto la dunia. Basi mwananchi akiambiwa kwamba mtambo hautoi hewa chafu, naye haoni moshi, ataridhika bila kujua ameridhishwa juu ya lipi. Tunapendekeza gesijoto kwa kaboni dioksidi na methani, na vichafuzi vya hewa kwa zile zinazodhuru afya moja kwa moja.

Hewa ukaa ina hatari kubwa zaidi. Kwa kawaida hutajwa kwa maana ya kaboni dioksidi. Lakini kaboni monoksidi pia ni gesi ya ukaa, nayo ndiyo inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Mwalimu akifundisha kwamba mimea hujilisha kwa hewa ukaa, kisha akaonya kwamba hewa ukaa huua, atakuwa amewachanganya wanafunzi katika jambo la uhai na mauti. Wapo watakaosema kwamba tunakimbilia maneno ya kukopa. Ukaa ni neno zuri, wala hatulikatai; tunachokataa ni jina moja kwa gesi mbili.

Mtambo wa kilele ni tafsiri ya neno kwa neno. Msomaji wa Chiungutwa atainua macho kuutafuta juu ya Uwanda wa Makonde. Kinachokusudiwa ni mtambo unaowashwa kwa saa chache, hasa jioni, mahitaji ya umeme yanapopanda. Tunapendekeza mtambo wa saa za mahitaji makubwa. Ni jina refu, lakini linamkumbusha msomaji kuuliza mtambo umewashwa mara ngapi. Kwani unapowashwa, kabla haujapata joto la kutosha, gesi haiungui sawasawa na kaboni monoksidi huzidi.

Mfasiri asiyetofautisha gesi hizi humnyima mwananchi uwezo wa kuhoji. Tunawaalika wasomaji, hasa walimu, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya.